Kompyuta inajiwasha usiku, lakini aliyenivunjia heshima mbele ya mama mkwe ni fundi

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka na chai imepoa mezani. Yule fundi wa pale chini ya ngazi, mnayemfahamu nyote na ambaye sina haja ya kumtaja, leo saa nne asubuhi amenidhalilisha mbele ya mama mkwe wangu kwa namna ambayo sijapata kudhalilishwa katika miaka 53 niliyoishi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kompyuta yangu ya mezani, ambayo huizima kwa mkono wangu kila usiku baada ya taarifa ya habari, imekuwa ikijiwasha yenyewe usiku wa manane. Mara tatu ndani ya wiki mbili nimetoka chumbani nikakuta sebule ina mwanga wa buluu kama ukumbi wa harusi, na feni ya mashine inavuma kama basi linalopanda Kitonga. Leo nikaibeba kuipeleka kwake, na mama mkwe, ambaye yupo kwetu kwa matibabu ya macho, akaomba tufuatane ili apige picha ndogo za bima.

Fundi alinisikiliza huku akichokonoa meno, kisha akauliza nyumbani naishi na nani. Nikamjibu kwa unyoofu kwamba watoto wako bweni na mke wangu hulala mapema. Hapo ndipo alipowageukia wateja waliokuwa kwenye foleni, akapaza sauti kama mnadi wa mitumba, akasema: "Mzee, kompyuta haijiwashi. Watoto wako bweni, mama amelala, sasa wewe tukuulize, huwa unatazama nini saa tisa usiku?"

Mbele ya mama mkwe, wakuu! Mama mkwe ambaye kwa miaka 22 sijathubutu hata kukaa naye mkeka mmoja. Alivuta khanga hadi kwenye paji la uso, akaanza kusoma bei za kurudufu karatasi zilizobandikwa ukutani, akazimaliza, akazianza upya.

Baadaye fundi alipuliza vumbi, akanitoza shilingi 15,000 za uchunguzi, akasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa na niandae 180,000. Hayo ya fedha nimeyasamehe. Lakini "huwa unatazama nini", mbele ya mama mkwe!

Kobe Mwendopole: Pole sana, mkuu. Nimeusoma uzi wako mara mbili na bado sijaona mahali ulipojibu swali. Huwa unatazama nini?

Waya Mwekundu: Tuweke utani pembeni kidogo. Usiku huo ilipojiwasha, umeme ulikuwa umekatika?

Mwenye uzi: Ulikatika, maana niliamshwa na joto baada ya pangaboi kusimama. Ila sioni uhusiano wowote kati ya umeme na mama mkwe.

Waya Mwekundu: Uhusiano upo, mzee wangu. Kompyuta ya mezani iliyozimwa huku waya ukiwa bado ukutani haijafa kabisa, kwa kuwa paua saplai, kile kisanduku cha umeme cha ndani, huendelea kupeleka volti 5 kwenye madabodi ili kitufe kikibonyezwa pawepo wa kuitika. Ndani ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, kuna kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezimwa, irudie hali iliyokuwa nayo, au iwake. Yako bila shaka imewekwa iwake. Iwashe, bonyeza Delete au F2 mfululizo kabla Windows haijaanza, tafuta kipengele hicho kwenye ukurasa wa mambo ya umeme, chagua ibaki imezimwa, kisha hifadhi. Ukiona baada ya siku chache kimejirudisha, badilisha ile betri ya mviringo kama sarafu, CR2032, kwa sababu ikiisha nguvu mipangilio hupotea kila umeme unapokatika. Madabodi iliyokufa haiamki saa tisa usiku.

Shangazi wa Mtaa: Yangu nilikuwa nikiilaza tu bila kuizima, nayo inaamka. Kijana wangu akaandika amri ya powercfg /lastwake kwenye lile dirisha jeusi, ikajibu kwamba aliyeiamsha ni kipanya. Kumbe kila lori la mchanga likipita, meza inatikisika na kipanya kinasogea. Tukakiondolea ruhusa ya kuamsha kompyuta, tukalala. Fundi huyohuyo alikuwa ameshanitoza 30,000 za kuondoa alichokiita kirusi cha usiku.

Mwenye uzi: Nimechomoa waya ukutani, nikahesabu hadi thelathini, nikachomeka. Imewaka yenyewe, na mke wangu ameshuhudia. Nimemwita mama mkwe aje aone kwa macho yake mwenyewe, naye amejibu kutoka chumbani kwamba hana neno na mtu, na kwamba kila mtu ana starehe zake. Wakuu, huyu fundi amenimaliza.

Kobe Mwendopole: Usikate tamaa. Hajakuamini, ila amekusamehe.

Mteja Sugu: Samahani, ni yule mwenye redio iliyofungwa kwa kamba? Mwaka jana nilimpelekea mashine yenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 ili asafishe feni tu. Ilirudi na GB 4, na feni ikiwa chafu vilevile.

Shangazi wa Mtaa: Ngoja kwanza. Hata yangu ilirudi nzito kuliko ilivyokwenda.

Waya Mwekundu: Wote mliowahi kumwachia mashine, hebu zikagueni leo hii kabla hamjalala.

Kobe Mwendopole: Nimekagua. Nina GB 2, na siku zote nilidhani ni uzee wake.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye suala la mama mkwe.

Mteja Sugu: Kobe, fungua boksi uangalie vizuri. Kama kipande hicho cha RAM kina stika ya njano iliyochanika pembeni, ni changu.