Naomba ushauri: nataka kumpa swahiba wangu figo

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni askari wa JWTZ, kwetu Wete, kwa sasa niko kambini bara. Swahiba wangu tangu chuoni kwa maalim figo zake zote mbili zimefeli. Keshahamia Unguja kwa shangazi yake, maana anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara analazwa pale kiasi cha saa nne. Nikimpigia video anageuza simu ioneshe dari, hataki nimuone uso ulivyovimba. Kisha anaanza kunitania mambo ya Yanga!

Nampenda yule kuliko baadhi ya ndugu zangu wa tumbo moja, na sioni haya kulisema. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, nami nataka kumpa moja yangu. Lakini si damu yangu, na sijui jeshini nikibaki na figo moja watanihesabuje. Mke wangu kila nikilitaja analia.

Mwenye kujua anieleze: nianzie kwa daktari wa kikosi au kwa mkuu wangu? Na mwenyewe nimwambie sasa, au nisubiri vipimo nisije nikampa tamaa ya bure?