Ukikuta kitu ambacho hukuwa unakitafuta, Kiswahili tunasemaje?

MwalimuPasua (Moshi)

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Moshi na darasa langu linaandaa gazeti la ukutani kuhusu Erasto Mpemba. Kwa asiyemfahamu: mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, na wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaingiza kwenye friza. Mpemba akaona nafasi inakwisha, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliingiza ya kwake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji uji.

Sasa kuna binti kaandika kwamba Mpemba "aligundua kwa bahati nasibu". Wenzake wakamrukia, bahati nasibu si ile ya kukata tiketi? Ubishi ukawa mkubwa mpaka kengele ikagonga. Waingereza wana serendipiti yao, lakini nataka gazeti lisomeke hata na mpishi wa shule. Tusemeje? Na linalonikera zaidi: ni haki kumwita kijana yule mwenye bahati tu?

DalaliWaMawe (Arusha)

Mwalimu, mbona neno lipo? Ngekewa. Wazee wetu walilitumia hivyo hivyo, jambo jema linakuangukia bila kulitarajia. Vijana wa siku hizi wanasema zali. Ukitaka msemo, mwambie binti aandike "aliokota dodo chini ya mwarobaini", maana mwarobaini hauzai maembe, na hakuna atakayeuliza maana yake. Bahati ya mtende nayo ipo.

Sisi tunaoshinda na mawe tunayaona haya. Juni 2020 mzee Saniniu Laizer alitoa mawe mawili ya tanzanite kule Mererani, moja peke yake lilizidi kilo 9, serikali ikayanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Agosti akatoa jingine. Kama hiyo si ngekewa basi sijui tuite nini.

GaidiMstaafu (Arusha)

Kaka Dalali, nakuheshimu lakini hapo tunapishana. Mzee Laizer alishuka mgodini kutafuta tanzanite na akapata tanzanite. Kubwa mno, sawa, na ngekewa inamfaa kabisa. Mwalimu anauliza kitu kingine: mtu anatafuta hiki, anakutana na kile, *na anakitambua*. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe.

Hilo neno la Waingereza lina mwenyewe. Mwaka 1754 mwandishi Mwingereza Horace Walpole alimwandikia rafiki yake barua, akalitunga kutokana na hadithi ya Kiajemi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, jina la zamani la Sri Lanka. Alisema wale vijana walikuwa wakigundua vitu wasivyovitafuta kwa mambo mawili yaliyokwenda pamoja, tukio la ghafla na akili ya kung'amua. Mfano wake ni mnyama wa mzigo aliyepita njiani. Hawakumwona, lakini mmoja wao alisema jicho lake la kulia ni bovu, kwa sababu majani yameliwa upande wa kushoto peke yake, na huko ndiko yalikokuwa mabaya. Mimi nimetembeza wageni porini karibu maisha yangu yote ya kazi na nakuambia mchungaji yeyote wa Kimaasai huko Ngorongoro anaielewa hadithi hiyo kabla hujaimaliza. Majani yaliyoliwa kila mtu anayaona. Kuuliza kwa nini yameliwa upande mmoja, hao ni wachache.

Nichukue la hapa kwetu. Laetoli, kule Ngorongoro, mwaka 1976. Watafiti wa timu ya Mary Leakey, mchimbuaji wa mabaki ya kale, walikuwa wakirudi kambini jioni huku wakirushiana mavi ya tembo yaliyokauka. Ndiyo, watu wazima, wasomi. Andrew Hill akaenda chini kukwepa, uso ukawa karibu na ardhi, akaona vishimo vidogo vidogo kwenye jivu la volkano lililogeuka mwamba. Alama za matone ya mvua! Na kando yake nyayo za wanyama. Wakaanza kuchunguza eneo hilo, na 1978 Paul Abell akaona unyayo unaofanana na wa binadamu. Baadaye zikafukuliwa nyayo za waliotembea kwa miguu miwili pale zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, mstari wa mita 27 hivi. Huwa nawaeleza vijana ninaowafundisha kazi ya kuongoza watalii: watu wangapi wamewahi kuanguka pale na kujipangusa vumbi wakaendelea na safari? Hill alijua tone la mvua linaacha alama gani kwenye jivu bichi. Ndiyo maana akabaki chini anatazama.

Kwa hiyo Mwalimu, swali lako la pili nalijibu hivi: si haki. Bahati ya Mpemba iliishia kwenye friza. Alipomuuliza mwalimu wake kwa nini ya moto yaliganda kwanza, aliambiwa amechanganyikiwa. Akaja kumuuliza rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga, naye akamwambia wao huweka ya moto makusudi ili igande haraka. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Mwanafizikia Denis Osborne alipokuja kuzungumza na wanafunzi akitokea Chuo Kikuu Dar es Salaam, kijana akasimama mbele ya watu wote akauliza tena, wenzake wakicheka. Osborne akaenda kulijaribu, na 1969 wakachapisha makala pamoja. Wataalamu wanabishana hadi leo, wengine wanasema hata kutokea kwake si hakika, lakini jambo linaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Na waambie watoto wako hili maana ni la nyumbani kwenu: makala ile ilipotoka, Mpemba alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori Mweka. Hapo hapo juu yenu.

MamaKiswahili (Moshi)

Shikamoo mzee Gaidi. Nafundisha Kiswahili, naongeza dogo tu. Mwalimu, hakikisha hawaandiki "alibahatisha". Kubahatisha ni kukisia, kama mwanafunzi anayechagua jibu asilolijua, na Mpemba hakukisia. "Alibahatika" ni afadhali, ila inamwacha amekaa tu akipokea.

Binti yule alikuwa karibu sana. Atoe "bahati", abaki na "nasibu": ugunduzi wa nasibu. Nasibu peke yake ni jambo lililotokea bila kupangwa, haina tiketi wala zawadi. Na asiandike uvumbuzi, kwa sababu Mpemba hakuunda kitu kipya. Jambo lilikuwepo siku zote, hata Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliligusia. Sentensi ningeiweka hivi: "Aliliona kwa nasibu, akaling'ang'ania kwa akili."

MwalimuPasua (Moshi)

Marahaba kwa wadogo na shikamooni wakubwa. Dalali, dodo na mwarobaini tunaiweka kwenye kona ya misemo, naona kabisa itapendwa. Ila kichwa cha habari ni cha Mama Kiswahili, na binti ataandikwa jina lake chini ya neno nasibu kwa sababu ni yeye aliyelianzisha.

Mzee Gaidi, hilo la Mweka sikulijua na limenisisimua kweli. Shule haiko mbali. Kuna mwenye mtu pale chuoni wa kutuelekeza namna ya kuomba ziara ya darasa? Barua naandika kesho.