Seli zinakufa chini ya leza kabla hazijagawanyika, niombe hadubini ya mwanga bapa?

Binti Tengeru: Wakubwa shikamooni. Niko Arusha, nasoma uzamili. Nafuatilia kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, ndani ya seli nyeupe za damu ya ng'ombe. Seli ikigawanyika, kimelea hujishikiza kwenye nyuzi zinazoigawanya, kikagawanyika nayo. Nataka kuliona tukio hilo kwa pande zote tatu, seli ikiwa hai. Kwenye konfoko, hadubini ya leza inayopiga picha tabaka kwa tabaka, rangi inafifia na seli inatoka malengelenge mapema mno. Kuna maabara nje ya nchi yenye mwanga bapa inapokea maombi. Itanifaa? Nawasilisha.

Fundi Lenzi: Itakufaa sana. Konfoko ikipiga tabaka moja, leza inapenya seli nzima, kwa hiyo tabaka 100 ni kuichoma seli ileile mara 100. Mwanga bapa unaingilia ubavuni na kumulika tabaka linalopigwa tu, kamera inalichukua lote kwa mkupuo. Ila uliza aina ya mashine! Zile za mtindo wa Heidelberg, Ujerumani, 2004, zilianzia kwenye viinitete. Mara nyingi mwanga wake ni mnene mno kwa seli ndogo kama zako. Ya kimia (lattice), yenye mwanga bapa mwembamba zaidi, ya mwanafizikia Eric Betzig na wenzake, 2014, ndiyo yenyewe.

Mama wa Moshi: Mwanangu, seli hizo zinaelea, zitakukimbia. Zifunge kwenye agarosi (aina ya jeli) ya joto dogo, ile inayobaki majimaji kwenye nyuzi 37. Changanya ikiwa vuguvugu, poza kidogo igande. Ikishaganda, hata ukiirudisha 37 haiyeyuki.

Kibo255: Diski je? Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 ni kama MB 8. Tabaka 100, kila dakika, saa nzima: karibu GB 50! Beba diski yako, bando halitaweza. Fiji, programu ya kuchakata picha za hadubini, ni bure, anza kuizoea sasa.

Binti Tengeru: Asanteni mno. Fundi, wakiwa na ile ya kawaida tu, niache?

Fundi Lenzi: Waulize kwanza unene wa mwanga pale seli itakapokaa. Wakisema mikromita moja, nenda. Tano, hapana, hutatenganisha kimelea na nyuzi. Kwa sasa shusha leza ya konfoko, punguza tabaka, ongeza muda kati ya picha. Na acha seli nyingine gizani kwenye chombo hichohicho. Hizo nazo zisipogawanyika, huenda tatizo si leza: kagua joto na gesi kabla hujaandika maombi.