Seva za Citrix: naweka pachi Jumamosi, Jumatatu zimeyeyuka. Halafu Ijumaa kuingia ni mateso

kijana_wa_raki
Wakuu habari za humu. Kazi hii nimeipokea miezi miwili iliyopita, aliyekuwepo kaondoka hajaacha hata karatasi moja ya maelezo kwahiyo najifunzia humo humo jikoni. Tuna seva 8 za Windows Server 2019 zinazobeba Citrix Virtual Apps (programu zinakaa kwenye seva, mtu anazitumia kwa mbali), makao makuu na matawi yote wanaingia humo kwa ajili ya mfumo wa uhasibu na Office, asubuhi wanafika watu 140 hivi. Sasa kila mwezi Microsoft wakishatoa apdeti zao ile Jumanne ya pili, mimi Jumamosi naingia seva moja moja naweka pachi zote, naristati, naangalia namba ya bildi (toleo la Windows) imepanda, naenda kulala kwa amani. Jumatatu nakuta bildi ni ile ile ya zamani kana kwamba sijagusa kitu! Mara mbili hiyo, nimeanza kudhani kuna mtu ananichezea.

La pili. Jumatatu watu wanaingia fasta, sekunde 30 desktopu imefunguka. Jumatano inaanza kuvuta miguu, Ijumaa mtu anasubiri dakika 3 na menyu ya Start ukiibonyeza haifunguki. Bosi anataka tuongeze RAM, mimi RAM naiona imebaki kibao. Msaada wenu.

Mzee wa Snapshoti
Pole kijana, hujarogwa. Hizo seva zako ni kloni za MCS, yaani mfumo wa Citrix wa kuzalisha nakala kutoka mashine moja, zote 8 zinasoma diski moja ya imeji mama, na kila moja ina kadiski kake kadogo ka kuandikia mabadiliko. Ukiristati ukiwa ndani ya Windows kale kadiski kanabaki ndo maana Jumamosi unaona pachi zimekaa. Ila nenda Studio (ile programu ya kusimamia Citrix) angalia kwenye delivari grupu, kundi la hizo seva, nakuhakikishia utakuta ratiba ya kuristati Jumapili usiku. Citrix yenyewe ikizima na kuwasha mashine, kadiski kanafutwa, seva inarudi kama ilivyozaliwa. Kwahiyo jasho lako lote la Jumamosi linamwagwa Jumapili.

Pachi unaweka kwenye imeji mama tu. Iwashe, weka apdeti, ristati mpaka ikuambie hakuna kingine, izime, piga snapshoti (picha ya diski ilivyo muda huo), halafu apdeti katalogi, orodha ya hizo kloni, ielekee kwenye snapshoti mpya. Ile ya zamani usiifute, mambo yakiharibika unarudi nayo kwa dakika chache. Na tafadhali usizirudishe seva zote 8 kwa mpigo, storeji itakulilia, gawa mafungu.

kijana_wa_raki
Aisee ratiba ipo kweli, Jumapili saa 8 usiku. Nimecheka peke yangu ofisini. Sasa hili la Ijumaa?

dada_wa_VDA
Hilo umeshalijibu mwenyewe bila kujua. Kitu kinachopona Jumatatu na kuumwa Ijumaa ni kitu kinachorundikana wiki nzima halafu Jumapili kinafutwa. Mimi ningecheza kamari kwenye fayawoli, ule ukuta wa Windows wa kuzuia mawasiliano. Kwenye 2016 na 2019 kila yuza akiingia Windows inamtengenezea sheria za fayawoli za zile apu za Start na Cortana, akitoka na profaili yake ikifutwa pale kwenye seva zile sheria zinabaki, kesho akirudi anatengenezewa nyingine mpya. Zidisha kwa watu wako na siku 5 uone. Fungua PowerShell leo mchana uhesabu kwa Get-NetFirewallRule, ikichukua muda mrefu hata kukupa jibu basi hilo lenyewe ni jibu.

Dawa ipo tangu Aprili 2019, ilikuja na apdeti namba KB4490481 kwa 2019 (wa 2016 walipata mapema, KB4467684), lakini haijiwashi yenyewe, hapo ndo wengi wanapoachwa. Nenda kwenye imeji mama, rejista, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\SharedAccess\Parameters\FirewallPolicy, tengeneza DWORD (thamani ya namba) inaitwa DeleteUserAppContainersOnLogoff, weka 1. RAM mwambie bosi asubiri.

Ukiwa humo ndani maliza na usafi, ila kwa mpangilio. Apdeti kwanza, halafu iache .NET (sehemu ya Windows inayoendesha programu nyingi) imalize kukompaili, watu wengi wanaifunga imeji haraka na ile kazi inafanyika upya kwenye kila kloni kila ikiwaka, CPU asubuhi inaruka tu. Halafu amri ya DISM na StartComponentCleanup kufuta mabaki ya apdeti na kupunguza unene, antivairasi iskani diski yote, na Citrix Optimizer, zana ya kuzima vitu visivyohitajika, iwe karibu na mwisho kwasababu apdeti za mwezi zina tabia ya kufufua vitu ulivyozima. Tumia templeti ya OS yako, soma kabla ya kubonyeza! Mimi niliwahi kuzima Windows Search kwa kufuata mkumbo, kesho yake ofisi nzima hawawezi kutafuta imeili kwenye Outlook, nilikula lawama wiki nzima.

kobe_mtaratibu
Mnahangaika bure, mimi apdeti nimezima kabisa. Januari 2022 niliweka siku ya pili tu, domeni kontrola (seva zinazothibitisha watu wakiingia) zikawa zinajiristati zenyewe usiku kucha. Seva ikifanya kazi usiiguse.

dada_wa_VDA
Ya Januari 2022 naikumbuka, hata mashine pepe za Hyper-V ya Microsoft ziligoma kuwaka kwa wengine, na tarehe 17 Microsoft wakatoa marekebisho nje ya ratiba. Maana yake ungesubiri wiki moja tu usingeumia. Kusubiri wiki ni akili, kuzima miaka ni kitu kingine. Weka seva moja ya majaribio kwenye katalogi yake, watu watano wa IT na yule mama wa uhasibu asiyekosa lalamiko, wakikaa siku tatu kimya ndo unasambaza.

Mzee wa Snapshoti
Naongezea hapo. Kusubiri wiki ni kwa seva za ndani, ila mlango wa nje hausubiri. Nyie watu wa mikoani wanaingia kupitia NetScaler, ule mlango wa Citrix unaotazama intaneti, si ndio? Kuna tundu la NetScaler liliitwa Citrix Bleed, CVE-2023-4966, pachi ilitoka 10 Oktoba 2023, na waliopachi bila kuua sesheni zilizokuwa wazi bado waliingiliwa, maana mwizi alishaiba tokeni (kibali cha sesheni) ya mtu aliyekwisha pita kwenye paswedi na msimbo wa simu. 2025 ikaja ndugu yake, CVE-2025-5777. Yenu ni vesheni gani?

kijana_wa_raki
Mrejesho kwanza: Alhamisi mchana sheria za fayawoli zilikuwa elfu 11 na kitu kwenye seva moja. Nimeweka ile DWORD kwenye imeji mama, nikapachi, wiki hii yote hadi Ijumaa kuingia ni sekunde 35, bosi kanyamaza na RAM yake. Asanteni sana.

NetScaler ndo naiangalia sasa hivi, imeandikwa NS12.1. Hiyo ni mpya au?

Mzee wa Snapshoti
12.1 ilikuwa imeshafika mwisho wa maisha hata kabla Bleed haijatangazwa, pachi ya kawaida haikutoka kwa ajili yake. Wikiendi hii usipange kitu. Nipigie PM.

dada_wa_VDA
Na paswedi za watu wote badilisha baada ya hapo, maana hujui nani kashapita hapo, na cheti cha huo mlango pia.

kijana_wa_raki
Mama yangu. Nakuja PM mzee.