Kuhamisha mitamba Njoro hadi Nyando: kupe ni walewale?

Malisho_Njoro
Wadau, mitamba watatu wa Friesian watahamia Nyando, karibu na Ziwa Victoria, miezi miwili ijayo. Huku Njoro shida ni kupe wadogo wa kahawia ndani ya masikio, na tunanyunyizia kila wiki. Kule naambiwa kuna kupe wakubwa wenye madoadoa wanaokaa kwenye kiwele. Nibadilishe dawa?

Sikio_la_Ng'ombe
Hao wakubwa ni Amblyomma variegatum. Dume ana mgongo wa rangi ya machungwa uliochorwa nyeusi, na miguu yenye pete nyeupe. Mdomo wake ni mrefu: ukimng'oa kwa pupa hubaki ndani, kidonda kinatunga usaha na chuchu inaweza kufa. Ndiye anayeleta ugonjwa wa maji moyo (heartwater). Ukishuka upande wa Baringo, kwenye ukame, utakutana na ndugu yake, A. gemma.

Ila usimsahau yule mdogo wa sikioni, Rhipicephalus appendiculatus. Nyando yupo pia, na kwa joto na unyevu wa ziwani vizazi vyake hufuatana bila kukatika mwaka mzima. Ugonjwa wa ndigana kali (East Coast fever) ni wake. Zebu, ng'ombe wa kienyeji wa kule, wameizoea tangu undama. Friesian mgeni hajaizoea.

Pampu_Lita20
Dawa inaweza kuwa ileile, kinachobadilika ni ratiba. Kupe wa sikio akishajishika huchukua siku kadhaa kabla ya kupitisha vijidudu vya ndigana kali, kwa hiyo mahali penye kupe wengi nyunyizia mara mbili kwa wiki. Amitraz (dawa ya kuua kupe) ya asilimia 12.5 ni mililita 40 kwa pampu ya lita 20 (soma kibandiko chako kwanza). Punda asiguswe nayo kabisa.

Wengi hukosea kwenye kiasi cha maji. Lita moja kwa ng'ombe mzima ni kumpaka manukato tu. Hesabu lita tano au zaidi, alowe hadi yatiririke. Ingia ndani ya sikio, kwapani, kiwele, chini ya mkia na katikati ya kwato.

Malisho_Njoro
Asante. Na chanjo ya ndigana kali?

Sikio_la_Ng'ombe
Fanya sasa, wakiwa bado Njoro, maana kinga huhitaji kama mwezi kukomaa. Ni ile ya Muguga: vijidudu hai vya ndigana kali vinavyotunzwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, vinachomwa pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu siku hiyohiyo. Pima uzito kwa utepe, usikisie. Oksitetrasaiklini ikipungua, chanjo yenyewe inaweza kumwangusha mtamba. Na haizuii magonjwa mengine ya kupe, yaani maji moyo, ndigana baridi (anaplasmosis) wala kukojoa damu (babesiosis), kwa hiyo pampu haipumziki.

Kupe_Chupani
Niongeze kuhusu kupe wa bluu, R. decoloratus. Huyu hukaa kwenye ng'ombe mmoja wiki tatu hivi, kutoka mtoto hadi mtu mzima, ndiyo maana usugu wa dawa humwingia upesi kuliko wanaobadilisha mnyama. Ukimkuta hai siku mbili baada ya kunyunyizia, kagua kwanza vipimo. Vikiwa sawa, badilisha kundi la dawa. Chupa mbili zenye majina tofauti dukani zinaweza kuwa amitraz zote mbili.

Ukitaka wakaguliwe maabara, watie kwenye spiriti ya asilimia 70. Andika tarehe, mahali na sehemu ya mwili kwa penseli kwenye karatasi uitumbukize ndani. Wino wa kalamu utayeyuka.