Mrejesho: mzee na maumivu ya vigimbi akitembea

Wakuu, miezi mitatu iliyopita niliuliza kama baba, aliyeambiwa mishipa ya damu ya miguu yake imekuwa myembamba, aache kutembea kwa sababu vigimbi vinamuuma. Wengi mlisema arudi kwa daktari kwanza. Tulirudi.

Kumbe mimi ndiye nilikuwa namharibia kwa kumwambia "kaa, pumzika". Daktari alimpima moyo kwanza, kisha akampa utaratibu: atembee mpaka maumivu yawe ya wastani, asimame yaishe kabisa, aanze tena. Hivyo hivyo mpaka zitimie dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 angalau. Muda wa kusimama hauhesabiwi, na hapo ndipo mzee alipokuwa anajidanganya!

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa ugomvi mtupu. Akisikia maumivu anadhani mguu unaharibika. Ilibidi aelezwe kwamba misuli inalia kwa kukosa oksijeni ya kutosha, na mazoezi yanaifundisha kutumia vizuri damu kidogo inayofika. Mishipa yenyewe haijazibuka, dawa bado anakunywa. Sigara ameacha, ingawa hiyo ni hadithi ndefu.

Sasa anatembea dakika kama 12 kabla ya kusimama. Zamani nne zilimshinda. Tumeambiwa kifua kikibana, mguu ukiuma akiwa amelala, au akipata kidonda kisichopona, asisubiri kliniki ijayo.

Aliyeniuliza kama mzee anaweza kuendesha baiskeli badala ya kutembea: hataki hata kuisikia.