Nguo 19 ndani ya mwaka mmoja, tisa hazivaliki. Naomba ushauri wa kupanga 2026

Sindano14 (mleta mada)
Habari za jioni wadau. Nashonea nyumbani, cherehani ya miguu, kichwa cheusi, mshono wa kunyooka tu, haina zigizaga. Nimepekua daftari langu la 2025 na hali ni hii:

Madera 5, mawili yamefupika baada ya kufuliwa.
Sketi 4, mbili zipu zimejikunja, moja ya duara pindo halilingani.
Blauzi 3, zote zinabana mgongoni na shingo zimelegea.
Suruali 1, inavuta mapajani, haikaliki.
Gauni za mtoto 4 na foronya jozi 2, hizi ziko sawa.

Kwa 2026 nimeandika nguo 24, mbili kila mwezi, pamoja na shati la kiume la kola na koti. Pia nafikiria kununua cherehani ya oveloki, ile ya kufunga kingo zisitoe nyuzi. Naombeni mnisaidie: mpango huu unashikika? Oveloki ninunue? Na hizo tisa kosa liko wapi, maana nikirudia vilevile nitaharibu vitambaa vingine.

Mkasi wa Tanga
Hongera kwa kuweka daftari, wengi hatuna. Ila usipange makosa kwa aina ya nguo, yapange kwa hatua: kabla ya kukata, wakati wa kukata, wakati wa kushona. Utaona tisa zako zinatokana na vyanzo vitatu au vinne tu.

Anza na madera. Kitambaa kimerudi, yaani kimesinyaa. Pamba ambayo haijafuliwa hurudi asilimia 3 hadi 5 kwa kawaida, na zaidi upande wa urefu kuliko upana. Dera la inchi 58 likirudi asilimia 5 umepoteza karibu inchi 3, yaani kutoka kwenye vidole hadi juu ya kifundo cha mguu.

Kabla ya kukata, loweka kitambaa chote kwa namna ileile utakayokuwa unafua nguo. Kama utafua kwa maji ya uvuguvugu, loweka kwa maji ya uvuguvugu. Saa moja inatosha. Usikamue kwa kukisokota, maana nyuzi zinakwenda upande na kitambaa hakitakaa sawa tena mezani. Tundika kwa upana wake, kikibaki na unyevu kidogo piga pasi. Ukitaka kujua kila kitambaa kinarudi kiasi gani, chora mraba wa inchi 20 kwa kalamu isiyofutika pembeni, loweka, kausha, pima tena. Ikisoma 19, hiyo ni asilimia 5. Andika kwenye daftari.

Na chumvi msimwambie tena mtu aweke ili kuzuia rangi kutoka. Chumvi husaidia wakati kitambaa kinatiwa rangi. Kikishatoka dukani haishiki kitu. Kitenge kinachochuja, loweka peke yake na ubadilishe maji mpaka yatoke meupe.

Nyuzi za Mvita
Naongezea kwenye zipu. Dada, zilijikunja ulipomaliza kushona au baada ya kufua? Jibu lake ni tofauti kabisa.

Sindano14
Moja baada ya kufua. Nyingine ilitoka cherehanini ikiwa na mawimbi tayari.

Nyuzi za Mvita
Basi ya kwanza ni yaleyale aliyosema Mkasi. Kitambaa kimerudi, zipu ya nailoni hairudi. Kwenye zipu ya inchi 8, hata asilimia 5 ni karibu nusu inchi ya zipu iliyozidi, lazima ijikunje. Hiyo usiihesabu kama kosa la zipu.

Ya pili ni ya mshono. Uwazi wa zipu ukiwa umekatwa kidogo hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, kama ubavuni kwenye nyonga, huvutika unapoushika. Fanya hivi. Kata vipande viwili vya kitambaa cha gundi cha kupigia pasi, upana sentimita 2.5, urefu wa zipu na sentimita 2 zaidi, ubandike upande wa ndani pale zipu itakapokaa. Funga uwazi wote kwa mshono mrefu, ufungue mshono kwa pasi, kisha laza zipu uso chini juu yake na uipige bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda. Usitegemee pini, zinateleza. Shona kutoka chini kwenda juu upande wa kushoto, kata uzi, rudi chini, shona tena kutoka chini kwenda juu upande wa kulia. Ukishuka upande mmoja na kupanda mwingine, mguu wa cherehani unasukuma kitambaa cha juu huku na huku, pande mbili hazilingani na zipu inapinda. Mwisho fumua mshono mrefu wa katikati.

Fundi Pembeni
Shikamooni wakubwa. Mimi nitagusa blauzi, maana hapo ndipo penye kazi kubwa. Mleta mada, andika hapa hesabu unayotumia kukata kifua.

Sindano14
Marahaba. Kifua 38. Nagawa kwa 4 napata tisa na nusu, naongeza inchi 1, nakata kumi na nusu.

Fundi Pembeni
Nimeelewa, kosa ndilo hilo. Ile inchi 1 yote inaliwa na mshono wa ubavuni. Nguo yako ikishashonwa ina inchi 38 kamili juu ya mwili wa inchi 38, na kitambaa cha kitenge hakivutiki. Ukiinua mkono kuchukua sufuria, mgongo unapasuka au nguo yote inapanda.

Hesabu iwe: kifua gawa kwa 4, jumlisha nusu inchi ya nafasi ya kupumua, jumlisha inchi 1 ya mshono. Kwa 38 ni inchi 11 kila robo. Hiyo inakupa nafasi ya inchi 2 mwili mzima, kiasi cha chini kwa blauzi ya kukaa mwilini. Ukitaka ya kulegea kidogo weka inchi moja kila robo. Halafu pima mgongo peke yake, kutoka kwapa hadi kwapa kwa nyuma, mikono ikiwa imekunjwa mbele. Wengi wanapima kifua tu, nyuma wanakata sawa na mbele, kisha wanalaumu kitambaa.

Shingo kulegea: tao la shingo sehemu yake kubwa ni hanamu, na hanamu inavutika hata ukiiinua tu mezani. Ukishaondoa pateni (karatasi ya kukatia), kabla hujaunga mabega, piga mshono mmoja sentimita 1 kutoka ukingoni. Anza begani ukomee katikati, kisha anza bega la pili ukomee katikati, usizunguke kwa mkupuo mmoja. Ukishaweka kipande cha ndani cha shingo, kata mikato midogo kila sentimita moja na nusu bila kufika kwenye mshono. Geuzia mabaki ya mshono upande wa kipande cha ndani, uyashonee hapo milimita 2 kutoka kwenye mshono. Huo mshono wa pili ndio unaofanya kipande cha ndani kisichungulie nje. Mafundi wa haraka wanauruka, na nguo inaonyesha.

Na kwa jambo la mpango: futa hizo 24. Shona blauzi ileile mara nne. Ya kwanza usitumie kitenge, tumia shuka la pamba la mitumba, lenye uzito unaokaribiana na kitambaa chako. Lichore katikati ya mbele, kiuno na mstari wa kifua kwa kalamu. Liunge kwa mishono mirefu, milimita 4 au 5, ili kufumua kusikutese. Vaa, kaa kwenye kiti, inua mikono, inama. Mkunjo wa kulala mgongoni chini ya shingo unaeleza kuwa urefu wa mgongo umezidi. Mikunjo inayoelekea kwenye kifua kutoka kwapani inaeleza kuwa dati, yaani kipindo kinachobana kitambaa kifuani, ni ndogo. Bana kwa pini, andika marekebisho kwenye pateni, ndipo uguse kitenge.

Mkasi wa Tanga
Hapo kwenye mara nne naunga mkono kabisa. Pateni moja iliyokaa mwilini inazaa blauzi, gauni na hata juu ya dera. Suruali ahirisha hadi nusu ya pili ya mwaka. Ukifika, pima kina cha kukalia: kaa kwenye kiti kigumu, pima ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti, ongeza inchi 1. Mapajani ikivuta, mara nyingi ncha ya nyuma ya uma, pale miguu ya suruali inapokutana, ni fupi. Ongeza nusu inchi kwenye ncha hiyo, ujaribu kwenye shuka kwanza.

Sketi ya duara ni jambo dogo. Sehemu zake zilizokaa hanamu huning'inia kuliko nyingine. Ukishaweka kiuno, itundike saa 24 kabla ya kupima pindo, kisha mtu apime kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, wewe umesimama wima. Usipime kutoka kiunoni kwenda chini.

Kanda ya Ziwa
Kwenye oveloki mimi nasema nunua. Nguo isiyopigwa oveloki inatoa nyuzi, ndani inakuwa aibu, na kitenge chepesi kikifuliwa mara kumi mshono unafunguka.

Nyuzi za Mvita
Kaka, kwa nguo chache za nyumbani kwa mwaka hapana. Oveloki inakula koni tatu au nne za uzi kwa wakati mmoja, kila ukibadili rangi unabadili zote, na zile za kiwandani zinataka umeme na mota kubwa. Dada ana cherehani ya miguu. Mshono wa kuficha ndani unamtosha, na kwa pamba nyepesi ni msafi kuliko oveloki.

Unakwenda hivi, ukiwa umeacha sentimita 1.5. Weka vipande mgongo kwa mgongo, uso ukiwa nje. Shona milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza mabaki yabaki milimita 3, hapa usizembee, maana nyuzi ndefu zitachungulia nje kwenye mshono wa pili. Piga pasi, geuza uso kwa uso, piga pasi tena mshono ukae kwenye kona kabisa, shona milimita 9. Sita na tisa ndiyo sentimita 1.5 yako.

Haufai kwenye jinzi wala kwenye tao la kwapa la kitambaa kizito, unakuwa kamba. Huko unapiga mshono wa kulaza: shona sentimita 1.5, punguza upande mmoja ubaki milimita 5, kunja upande mrefu uufunike, laza, piga mshono juu.

Kanda ya Ziwa
Sawa, nimekubali kwa pamba. Kwa fulana na vitambaa vya kuvutika bado nasimamia oveloki.

Nyuzi za Mvita
Kwa fulana hatupingani.

Sindano14
Asanteni sana. Nimeandika upya. Januari: kuloweka vitambaa vyote nilivyonavyo na blauzi ya shuka. Februari: blauzi mbili za kitenge, pateni ileile. Machi: dera moja la Idi. Aprili na Mei: blauzi ya nne, sketi yenye zipu. Juni kuendelea: gauni kwa pateni ya blauzi, kisha suruali ya shuka. Shati la kola Novemba. Koti nimefuta. Jumla 12. Swali: kipande cha kitenge cha yadi 6 kinatoa dera na blauzi?

Mkasi wa Tanga
Huo unashikika. Ila Idi el-Fitri mwaka 2026 inaangukia Machi, dera likate mwishoni mwa Februari, lisikukimbize. Blauzi ya pili ya kitenge ndiyo isogee.

Yadi 6 ni inchi 216. Toa asilimia 5 ya kurudi, zinabaki kama 205. Dera la inchi 58, mbele na nyuma, na inchi 2 za pindo kila upande, ni 120. Unabaki na 85. Blauzi ya urefu wa 26 inataka 52 kwa mbele na nyuma, mikono mifupi 12 hivi, jumla 64. Inatosha, na inchi zinazobaki ni za vipande vya shingo. Hayo ni kwa kitenge cha upana wa inchi 45 chenye maua madogo yanayokwenda pande zote. Kama kina ndege au mduara mkubwa unaotazama juu, huwezi kugeuza vipande, basi blauzi iandikie kitambaa kingine. Ule mduara mkubwa ulenge katikati ya kifua au uukwepe kabisa. Ukiangukia upande mmoja wa kifua nguo inaharibika hata kama mshono ni safi.

Fundi Pembeni
Aprili na Mei ni masika. Kama uko pwani, usiache sindano kwenye cherehani wiki nzima, inapata kutu isiyoonekana na inakata uzi. Kila baada ya nguo mbili toa bobini kesi (kikasha cha uzi wa chini), safisha vumbi la nyuzi kwa brashi chini ya meno yanayosukuma kitambaa, tia tone moja kila tundu la mafuta. Mafuta ya cherehani, yale meupe. Ya kula yanaganda. Ikishakuwa nzito, tia mafuta ya taa kidogo, kanyaga dakika tano, futa, ndipo utie ya cherehani.

Sindano14
La mwisho fundi. Nikishona kitambaa cha kuvutika cherehani inaruka, mishono miwili inashika mmoja haushiki. Nimekaza tensheni (mkazo wa uzi), haisaidii.

Fundi Pembeni
Irudishe tensheni ulipoitoa. Kuruka ni sindano. Namba 14 yenye ncha kali inasukuma kitambaa cha kuvutika chini badala ya kupita, uzi haufanyi kitanzi, ndoano inapita patupu. Nunua namba 11 yenye ncha ya mviringo, omba ya cherehani ya nyumbani yenye mgongo bapa, maana ya kiwandani ni ya duara na haikai vizuri hapo. Isukume mpaka igote juu kabla ya kukaza skrubu. Mfereji mrefu utazame upande unaoingizia uzi. Jaribu kwenye kipande cha inchi 6, ukivute ukimaliza. Uzi ukikatika, punguza tensheni ya juu kidogo na uvute kitambaa taratibu mbele na nyuma ya mguu wakati wa kushona.